Kiganja cha Fundi Matairi

Mafundi matairi wa Msasani hawahitaji kibao. Tairi bovu likisimamishwa ukingoni mwa barabara, dereva anajua hapo pana jeki, kompresa na karai la maji ya kutafutia pancha. Ninayetaka kumsifu leo anafanya kazi chini ya mkungu, upande wa Bonde la Mpunga. Nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi kuliko pancha zangu zilivyohitaji, kwa sababu napenda kumtazama.

Jumamosi moja mama mmoja alisimamisha gari dogo, akataka kujaziwa upepo tu. Fundi akajaza, akapima kwa geji, akafunga vifuniko. Kisha akachuchumaa mbele ya tairi la kushoto na kupitisha kiganja juu yake, polepole, kutoka nje kwenda ndani. Akakirudisha kutoka ndani kuja nje. Akarudia.

"Mama, usukani wako haukai upande, hata ukienda moja kwa moja?"

"Unakaa. Umejuaje?"

Akamwomba naye ashike. Mkono wa mama ulikwenda laini, lakini uliporudi ulikwaruzwa, kana kwamba kashata za tairi zina meno. Jicho halikuona kitu. Magurudumu ya mbele hayakuwa yametazama njia moja, kwa hiyo tairi lilikuwa linaburuzwa kidogo kwa kila mita, na kila kashata ikachongoka upande mmoja. Mama alitumwa kwa fundi wa alaimenti kabla hajafikiria kununua chochote.

Kiganja kile kinasoma mengi. Tairi lililoliwa katikati limejazwa upepo kupita kiasi. Lililoliwa mabega yote mawili limekimbizwa na upepo mdogo. Lililoliwa bega moja lina shida ya mkao wa gurudumu, na lenye mabonde mabonde linamfanya fundi aulizie shokapu. Ubavuni anatafuta nundu. Ukikuta uvimbe hapo, hasa baada ya gari kupiga shimo, ujue nyuzi za ndani zimekatika na upepo umezuiwa na mpira mtupu. Tairi la namna hiyo halina matengenezo. Analitoa siku hiyo hiyo, au anakataa kulijaza.

Kuhusu kuisha kwa kashata, kipimo kimo ndani ya tairi lenyewe. Katika mifereji mna vinundu vya mpira vilivyokatiza. Kashata ikishuka ikalingana navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Fundi huyu hasubiri lifike hapo, hasa Machi inapokaribia. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya gurudumu. Ikiwa mifupi, maji ya masika yanakosa pa kwenda na gari linaelea, breki na usukani vyote vikiwa havina kauli.

Lakini ufundi wenyewe niliuona kwa mzee mmoja ambaye gari lake hutoka nyumbani Jumapili kwa Jumapili. Kashata zilikuwa nene, mtu angeapa ni tairi za juzi. Fundi alibonyeza ubavu kwa dole gumba, na pale mpira ulipojikunja, nyufa nyembamba kama za udongo mkavu zikafunguka. Akatafuta tarehe upande wa nje, hakuikuta. Akatandika boksi, akaingia chini ya gari, akafuta tope kwa kitambaa chenye maji, akamulika kwa simu. Tarakimu nne: 1412. Wiki ya 14, mwaka 2012.

"Mbona kashata zimejaa, fundi?"

"Zimejaa, mzee wangu, ila mpira umekufa."

Alisema kweli. Ndani ya mpira huchanganywa nta na dawa za kuukinga na hewa, na nta hiyo hupanda juu tairi linapozunguka na kujikunja. Gari lililoegeshwa juani miezi kwa miezi halipati kinga hiyo vizuri, kwa hiyo tairi lake linazeeka bila kutembea. Tairi la spea nalo huzeeka likiwa limelala. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lililofikisha miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama linapendeza.

Hesabu hiyo huanza siku tairi lilipotoka kiwandani, haianzi siku ulipolilipia. Nchini kwetu jambo hili lina uzito wake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na tairi tunalouziwa kama jipya limevuka bahari na pengine limelala ghalani. La mtumba ndiyo kabisa: linapakwa dawa nyeusi likang'aa kama kiatu cha harusi. Fundi wetu halitazami ule weusi. Anasoma tarakimu kwanza, kisha analipindua na kuchungulia tumbo lake kama lina viraka.

Matairi ya mzee alipoyatoa, kila moja alilitia kisu ubavuni kabla ya kulitupa nyuma ya mkungu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema asije mtu akaliokota na kumuuzia mwenye bajaji au mwenye gari. Yatachukuliwa na mshona katambuga, na huko yatatembea salama.

Kwa ukaguzi ule wote, mama wa Jumamosi alilipa hela ya upepo. Mzee alilipa hela ya kufungua na kufunga. Kujua hakukuwa na bei, na fundi hakuitaja. Ndugu msomaji, kabla ya masika mpelekee fundi wako matairi yote matano, mwambie asome tarehe hata kama iko upande wa ndani, na akishatoka chini ya gari umlipe kwa kukagua, hata kama hakubadilisha kitu.