Mafundi wa Kupima Kipimo

Mnamo Oktoba 1986, njia ya data kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho chini yake mteremkoni ilizama kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Umbali wenyewe haufiki mita 400. Kwa kasi hiyo, ukurasa mmoja wenye herufi elfu mbili ungehitaji karibu dakika saba kufika. Kijana mwenye miguu mizuri angeuchukua mkononi, akateremka nao, na huenda angetangulia. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha maelezo ya mkasa huo: kompyuta zilipoona data inapotea zilituma upya kwa pupa, na kule kutuma upya ndiko kulikozidi kuiziba njia. Uzao wa dawa aliyoiandika katika makala ile umo hadi leo ndani ya simu tunazotembea nazo.

Watu humkumbuka kwa dawa. Mimi huvutiwa zaidi na kuona, maana ili kujua pakiti, yaani vifurushi vidogo ambamo data husafiri, zinafanyiana nini njiani, sharti kuwe na namna ya kuzitazama moja moja zikipita. Katika maabara hiyohiyo Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne waliandika tcpdump, programu inayonasa pakiti na kuzisimulia, kila moja na mstari wake. Zikaja ndugu zake: tcptrace ya Shawn Ostermann wa Chuo Kikuu cha Ohio, inayopokea rekodi ya pakiti na kutoa takwimu na michoro, na Ethereal, aliyoitoa Gerald Combs mwaka 1998, ambayo tangu 2006 inaitwa Wireshark. Walioziandika wamepata sifa zao. Lipo kundi jingine ambalo jina lake halitajwi popote, la wale wanaozirekebisha zinapokosea, na leo nataka kuwasifu hao.

Programu ya kawaida ikiharibika, hupigiwa kelele. Ya benki ikikosea hesabu, mwenye pesa atakuwa mlangoni kabla ya saa sita mchana. Kichanganuzi cha pakiti kikikosea hakuna anayesikia. Kinaendelea kuchora michoro yake mizuri na kuandika asilimia kwa desimali mbili, kama mizani iliyopinda dukani: biashara inaendelea, na kila mnunuzi anaondoka na uzito usio wake. Mhandisi akisomewa kwamba pakiti zinapotea, atabadilisha nyaya, atamlaumu mtoa huduma, atanunua kifaa kikubwa zaidi. Kipimo hatakishuku, kwa kuwa hana kipimo kingine cha kukipimia.

Chukua habari ya namba za mfuatano. TCP, itifaki ambayo maelezo yake rasmi yalitoka mwaka 1981, huipa kila baiti namba ili mpokeaji ajue kilichofika na kilichobaki. Namba hiyo ni ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri. Mwandishi wa programu anayetaka kujua pakiti ipi imetangulia hushawishika kuuliza swali la darasa la kwanza: namba ipi ndogo? Na karibu kila mara jibu huwa sahihi. Muunganisho hauanzii sifuri, huanzia namba ya kubahatisha, kwa hiyo faili la megabaiti moja litavuka kile kikomo, kwa wastani, mara moja katika kila mara 4,096. Hiyo mara moja kichanganuzi kitaona namba za bilioni nne zimegeuka ghafla kuwa ndogo, na kitatangaza bila haya kwamba data yote inayofuata ni ya zamani na imetumwa upya. Mtumiaji akirudia jaribio, kosa halipo. Akiripoti, ataambiwa mtandao wake siku hiyo ulikuwa na matatizo.

Kwenye Ethaneti ya zamani ya megabiti 10 kwa sekunde ilichukua karibu saa nzima kuzimaliza namba zote. Kwenye njia ya gigabiti moja ni sekunde 34. Ndiyo maana kosa lililolala kwenye msimbo miaka nenda miaka rudi huamka siku ofisi inapoboresha vifaa, na lawama zote zikaangukia vifaa vipya.

Tiba yake ni mstari mmoja: toa namba moja kutoka kwa nyingine ndani ya biti hizohizo 32, kisha tazama kama tofauti ni chanya au hasi. Mwanafunzi anaweza kuuandika. Kazi iko kwingine. Aliyefikiri vile alipohesabu pakiti zilizotumwa upya, yumkini alifikiri vilevile alipopima muda wa kwenda na kurudi, na alipotafuta pakiti zilizopita zikiwa zimepishana. Fundi ninayemsifu haridhiki na lile kosa aliloletewa. Anapita msimbo mzima akiwinda ulinganisho wote wa aina ile, na kila akiupata anajiuliza ni takwimu gani ilikuwa ikiharibika bila mtu kujua.

Aliyeonyesha jinsi shaka hiyo inavyopaswa kwenda mbali ni Vern Paxson. Mwaka 1997 alichapisha makala kuhusu tcpanaly, programu aliyoiandika ili ichunguze yenyewe tabia za TCP katika mifumo mbalimbali. Alitaka kuwahukumu watumaji na wapokeaji, akajikuta analazimika kuihukumu rekodi kwanza. Programu ya kunasa inaweza kuruka pakiti na isiseme. Inaweza kuandika pakiti moja mara mbili, au kupindua mpangilio. Saa ya kompyuta inaweza kurudi nyuma, na pakiti ikaonekana imefika kabla ya kutumwa.

Utajuaje, basi, kama pakiti ilipotea mtandaoni au ilipotea machoni pa anayetazama? Jibu lake ni la kihakimu kabisa. Ikiwa mpokeaji ametoa stakabadhi ya data ambayo rekodi haionyeshi ikipita, basi data ilipita. Aliyekopesha jicho ndiye aliyepepesa. Hakuna mpokeaji mwaminifu anayetia saini mzigo ambao haukumfikia. Kwa hoja hiyo moja, fundi anaweza kukifundisha kichanganuzi kutenganisha hasara ya mtandao na hasara ya rekodi, na kuziandika kwenye safu mbili tofauti. Sijaona mbinu ya uchunguzi iliyo safi kuliko hiyo katika fani hii.

Mambo yameongezeka ugumu tangu siku zile. Kadi za mtandao za sasa zimechukua kazi zilizokuwa za mfumo endeshi, ikiwemo kujaza ile namba ya uhakiki inayomwezesha mpokeaji kujua kama pakiti imeharibika. Lakini pakiti inayotoka hunaswa kabla haijafika kwenye kadi. Kwa hiyo kompyuta inayojinasa yenyewe huona pakiti zake zote mbovu, ingawa waya unapokea nzima. Kadi hizohizo hupewa bonge la makumi ya maelfu ya baiti zilikate vipande, na rekodi ikaonyesha pakiti kubwa kuliko baiti 1,500 zinazoruhusiwa na Ethaneti ya kawaida. Hapa hakuna aliyekosea, ila mtu atakayesoma bila kujua atasoma uongo. Wireshark iliamua kutoikagua ile namba ya uhakiki ya TCP mpaka mtumiaji aombe. Naelewa walivyofikia hapo, ila bado nanung'unika: pakiti iliyoharibika kweli sasa inapita ikiwa na uso wa heri.

(Na hiyo rangi nyeusi yenye maandishi mekundu ambayo Wireshark huyapaka matukio yanayoshukiwa! Fundi mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani jengo linaungua. Nyingi ya pakiti hizo ni shughuli za kawaida za mtandao unaojirekebisha.)

Kuna kosa jingine ambalo limetuhusu sisi wa pwani hii kwa namna ya pekee. Kila upande wa TCP hutangaza dirisha, yaani kiasi cha data kinachoweza kuwa njiani bila stakabadhi. Asili yake dirisha haliwezi kuzidi baiti 65,535. Mwaka 1992 ulitolewa utaratibu wa kuliongeza kwa kizidishio, lakini kizidishio hicho hutajwa katika salamu za kwanza tu za muunganisho, na hakirudiwi. Hadi Julai 2009, kebo ya baharini ya SEACOM ilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania na Kenya ilipanda hadi kwenye setilaiti na kushuka, safari ya zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Piga hesabu: dirisha la baiti 65,535 na sekunde 0.6 za kusubiri haziwezi kukupa hata megabiti moja kwa sekunde kwa muunganisho mmoja, hata ukinunua njia pana kiasi gani. Kichanganuzi kilichosoma dirisha vizuri kingesema wazi: njia haina tatizo, rekebisha kompyuta. Kilicholisoma vibaya kingempeleka mtu kununua uwezo zaidi wa setilaiti, kwa dola, asipate hata chembe ya kasi.

Sasa, ikiwa mtu ameanza kunasa wakati salamu zimeshapita, kizidishio hakimo kwenye rekodi na hakiwezi kupatikana. Programu ya kizembe huweka moja na kuendelea. Wireshark huandika -1, ikimaanisha kwamba haijui. Namheshimu sana mtu aliyeketi akaandika msimbo wa kukiri hivyo. Ni rahisi mno kumpa mtumiaji namba, na mtumiaji huipenda namba kuliko kimya.

Nimezungumza kana kwamba pakiti zote zina nia njema. Kichanganuzi husoma chochote kilichopita waya, na waya hauchagui. Pakiti inaweza kudai kwamba ndani yake mna sehemu yenye urefu wa baiti sifuri. Programu inayosogea mbele kwa urefu uliotajwa itabaki palepale ikizunguka mpaka mtu aizime. Inaweza kudai urefu kuliko uliopo. Programu isiyohakiki itasoma, au vibaya zaidi itaandika, nje ya mipaka yake ya kumbukumbu. Machi 2004 jambo hilo lilitokea hadharani. Kirusi kilichoitwa Witty kiliingia kupitia bidhaa za usalama za kampuni ya Internet Security Systems, katika sehemu iliyochambua pakiti za itifaki ya ICQ. Pakiti moja ilitosha. Mlinzi hakuhitaji kufungua mlango. Kuitazama tu ilitosha. Kompyuta kama 12,000 ziliambukizwa, na kirusi kikaenda kikiandika takataka kwenye diski zao.

Tangu hapo sijaweza kuwaona wanaotafuta makosa ya aina hii kama wasafishaji wa vumbi. Wireshark huja na programu ndogo, editcap, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuchukua rekodi nzima na kuharibu baiti zake ovyo kwa kiwango unachotaka. Rekodi hizo zilizovurugwa hulishwa kichanganuzi, usiku na mchana, mpaka kianguke. Kinapoanguka, kuna mtu asubuhi anakuta mahali kilipoangukia na kuanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye baiti iliyokiangusha.

Ugumu ambao watu wa nje hawaufikirii ni kuipata rekodi yenyewe. Anayeripoti kosa ana ushahidi mkononi, lakini ndani yake mna anwani za seva za mwajiri wake, pengine nywila, pengine barua za watu. Hawezi kuituma, na fundi mwenye adabu haombi. Anachoomba ni vichwa vya pakiti tu, au maelezo: pakiti ya ngapi, urefu gani, bendera zipi zimewashwa. Kisha anaketi na kuijenga pakiti hiyo kwa mkono, baiti baada ya baiti katika namba za msingi wa 16, anaigeuza kuwa faili kwa text2pcap, na kuangalia kama kosa linajitokeza. Mara nyingi halijitokezi. Anaandika tena kuuliza: kuna lebo ya VLAN? Rekodi ilinaswa kwenye mfumo gani? Siku mbili baadaye jibu linakuja, na pakiti bandia inaongezwa baiti nne za lebo hiyo.

Kosa likishanaswa na kurekebishwa, ile pakiti bandia hutunzwa pamoja na nyingine zilizokusanywa kabla yake, na zote hupitishwa upya kwenye programu kila msimbo unapobadilishwa. Matokeo mengi hufanana na ya jana. Machache hutofautiana, na hayo hakuna mashine ya kuyaamua. Fundi anafungua maelezo ya itifaki upande mmoja na baiti zenyewe upande wa pili, anasoma taratibu, ili ajue kwa kila moja ya hizo tofauti kama jana ndiko walikokuwa wanakosea, au ni leo.