Mcheza Kwao Hutunzwa

Wapo wanaodhani kwamba tenisi haituhusu sisi watu wa Wawi. Wasema ni mchezo wa watu wenye nyasi za kukatwa kila asubuhi, na nyasi zetu sisi zaliwa na ng'ombe. Lakini luninga haibishi hodi. Imeingia majumbani, na mashindano ya wanawake, yale ya mmoja kwa mmoja, sasa yatazamwa hapa kwetu na wazee na watoto wa kike kwa pamoja. Jambo linalotazamwa na watoto wetu ni haki kulipima. Nataka kulipima kama tupimavyo utenzi: kwanza ladai nini, pili latimiza nini.

Uzuri wake hauna ubishi. Mwanamke asimama peke yake upande wake wa wavu. Hakuna mwenzake wa kumbebesha lawama, wala hakuna suluhu. Mpaka mmoja atoke. Na heshima hiyo hawakupewa bure. Mwaka 1970, mjini Houston, wanawake tisa walitia saini mkataba wa dola moja kila mmoja ili wawe na mashindano yao wenyewe, kwa kuchoshwa na zawadi za makombo. Mwaka 1973 Billie Jean King na wenziwe waliunda chama chao cha wanawake. Hata hivyo Wimbledon ilingoja hadi mwaka 2007 kuwalipa wanawake sawasawa na wanaume. Anayesema wanawake hawa wachezea mchezo tu, hajui walikotoka.

Sasa tuje kwenye dai lenyewe. Mashindano haya yatuambia kwamba pale uwanjani hakuna tajiri wala maskini, ila raketi na mpira. Dai hili nalikubali nusu.

Julai 2022, katika mashindano ya vijana ya Wimbledon, msichana wa Nairobi, Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake, alitwaa ubingwa wa wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na mchezo wa kuamua wakaushinda 11-9. Walioshindwa walikuwa Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Mboko huyo ni binti wa wazazi waliotoka Kongo.

Miaka mitatu ikapita. Agosti 2025 Mboko, akiwa na umri wa miaka 18, aliwashinda Coco Gauff, kisha Elena Rybakina, kisha Naomi Osaka katika fainali, akabeba kombe kubwa la Montreal. Okutoyi naye hakukaa kitako: alikwenda Marekani kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, na Machi 2024 alitwaa medali ya dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Lakini kati ya kombe la Montreal na medali ya Accra kuna bahari.

Sisemi kwamba pointi mbili za siku moja zathibitisha wasichana hawa ni sawa. Mboko ni mchezaji wa ajabu, na wakati ule alikuwa bado na miaka 15 tu. Nauliza jambo jingine: aliingiaje Montreal? Aliingia kwa mwaliko. Kanuni zampa mwenyeji wa mashindano nafasi chache za kumwalika amtakaye, na wenyeji wakamwalika mtoto wao, aliyekuwa katika nafasi ya 85 duniani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Wakanada walifanya walivyopaswa kufanya. Ila methali hii ina upande wa pili ambao hatuusemi: asiye na uwanja kwao atatunzwa na nani?

Hapo ndipo nusu ya pili ya dai lao inaponikwama kooni. Ili mchezaji apande katika orodha ya ubora, lazima akusanye pointi, na pointi hufuatwa ziliko kwa ndege, kwa viza na kwa vyumba vya hoteli. Ngazi ya chini kabisa ya mashindano haya yaitwa W15, maana yake ni dola 15,000 wagawiwe wachezaji wote kwa jumla. Nairobi imeandaa ya ngazi za chini, kama yale ya W35 ya mwaka 2024, lakini kwa wiki chache tu katika mwaka. Mjini Monastir, Tunisia, kwa miaka kadhaa yamekuwa yakifanyika karibu kila wiki. Kwa hiyo si kweli kwamba Afrika haiwezi. Na kule juu kabisa, Novemba 2024 mjini Riyadh, Coco Gauff peke yake aliondoka na dola 4,805,000. Simwonei kijicho, kazipata kwa jasho. Lakini piga hesabu, msomaji wangu: fedha hizo zingetosha zawadi za mashindano 320 ya W15. Mti unaomwagiwa maji kwenye matawi na kuachwa mkavu mizizini, sijui wategemewa kuzaa kwa muda gani.

Najua hapa kwetu wapo watakaoniambia: tatizo ni mavazi. Nawajibu kwa heshima zote. Fatma Al-Nabhani wa Omani, nchi ambayo wengi wetu tuna ndugu huko, alicheza mashindano ya kulipwa miaka mingi akiwa amesitiri mikono na miguu, na hakuna mwamuzi aliyemtoa uwanjani. Nguo hushonwa. Kisichoshoneka ni uwanja usiokuwapo, na saa ya jioni ambayo mvulana huachiwa acheze na msichana hutumwa maji.

Tunao msingi. Tazama wasichana wanapocheza nage: jicho la kulenga, kiuno cha kukwepa, akili ya kumsoma mwenzake kabla hajarusha. Hayo ndiyo yanayolipiwa fedha kule Montreal. Kinachokosekana ni ukuta mmoja imara wa kupigia mpira, raketi chache za skuli, mwalimu wa kike, na wazazi watakaosema, "Nenda mwanangu, maji nitateka mimi." Mashindano makubwa yataendelea kuwatunza wachezao kwao. Ni juu yetu watoto hawa wawe na kwao pa kuchezea, hata kama hakuna hata mmoja wao atakayefika Wimbledon.