Upanga Uvunjikapo: Juu ya Silaha za Mpiganaji katika Michezo ya Masimulizi

Michezo ya masimulizi ichezwayo mezani kwa dadu, ambayo mama yake ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson (Marekani, 1974), yastahili kusomwa na wahakiki wa fasihi simulizi. Humo kisa hutungwa papo kwa papo, na kanuni ndizo zinazoamua nini kiweze kusimuliwa. Hapa tutatazama kanuni moja tu, ile ya kuvunjika kwa silaha ya mpiganaji, pamoja na jirani yake, kubadilisha silaha.

Watetezi wa kanuni hiyo husema kwamba chuma huvunjika, na kwamba tenzi za kale zinalijua jambo hilo. Ni kweli. Katika Beowulf, utenzi wa Waingereza wa kale, upanga Hrunting unashindwa kumkata mama yake Grendel; shujaa anautupa, anashikana naye kwa mikono, kisha anauona upanga wa majitu na kumwua kwa huo. Baadaye upanga Naegling unavunjika juu ya kichwa cha joka, naye anammaliza kwa kisu. Lakini tuangalie vizuri sababu: mtunzi anasema mkono wake ulikuwa na nguvu kupita kiasi, hata upanga usiweze kuuhimili. Silaha inavunjika ili tumjue mwenye mkono.

Mchezo umefanya kinyume. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa na jedwali lililolinganisha kila silaha na kila aina ya deraya, kwa hiyo mpiganaji alikuwa na sababu ya kubeba rungu kando ya upanga. Mwaka 1985, katika Unearthed Arcana, akaruhusiwa kubobea katika silaha moja: nyongeza ya 1 katika kulenga na ya 2 katika kujeruhi. Tangu hapo ameozwa upanga wake. Toleo la mwaka 2000 likaidumisha ndoa hiyo, na papo hapo likaupa upanga mrefu alama 5 za uhai ili adui aweze kuupasua! Kanuni mbili za kitabu kimoja zinapigana, na anayeumia ni mpiganaji peke yake. Mchawi naye aweza kuunguziwa kitabu chake, lakini hapokonywi yale aliyokwisha kuyaandaa kichwani.

Kazi iliyofaulu, kwa maoni yetu, ni Dark Sun ya Timothy B. Brown na Troy Denning (1991). Katika nchi ile ya jangwa chuma ni adimu. Watu hupigana kwa mifupa, miti na mawe, na silaha hizo huvunjika. Hapo kuvunjika kunasema jambo juu ya ulimwengu wenyewe, juu ya umaskini wake na juu ya nani anamiliki nini. Tena watungaji waliona mbali: mpiganaji wa uwanjani, mtumwa anayepiganishwa mbele ya umati, aliruhusiwa kubobea katika silaha nyingi. Aliyezoea kupewa chochote hawezi kufungwa na kimoja.

Toleo la 2014 halikujali sana suala hili. Lile la 2024 limempa mpiganaji umahiri wa aina tatu za silaha tangu ngazi ya kwanza, na ruhusa ya kuchomoa au kurudisha silaha moja kwa kila pigo. Kubadilisha kumekuwa na faida, nasi twalisifu hilo. Hata hivyo mtu huyu sasa afanana na fundi achaguaye chombo sandukuni. Hakuna kinachompotea, basi hakuna la kuhadithia jioni.

Atakayeandika kanuni mpya aanzie pale ambapo bledi imekwisha kuharibika. Upanga wa majitu uliyeyuka kwa damu, lakini mpini ulibaki. Beowulf aliubeba hadi kwa mfalme Hrothgar, naye mzee, kabla ya kusema neno, aliutazama kwanza, kwa sababu juu yake ilikuwa imechorwa habari ya vita vya kale na gharika iliyowaangamiza majitu.