Hiari ya Mtoa Damu: Uhakiki wa Riwaya ya Fledgling ya Octavia Butler

Sehemu hii inajadili iwapo mnyonya damu wa kubuni anaweza kuishi kwa damu anayopewa kwa hiari, pasipo kuua wala kulazimisha. Swali hili huonekana la mzaha mpaka msomaji anapokutana na Fledgling (2005), riwaya ya mwandishi Mmarekani Octavia Butler, ambamo jamii nzima ya wanyonya damu, Waina, imejengwa juu ya jibu la ndiyo. Kila Mwina huishi na binadamu wapatao saba au wanane waitwao simbionti, yaani viumbe waishio kwa kutegemeana na mwingine. Yeye hunywa damu yao kidogo kidogo; wao hupata afya njema na umri unaoweza kukaribia miaka 200. Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama taswira ya kutegemeana kwa haki. Mtafiti hakubaliani na usomaji huo, ingawa anakiri kwamba ndio aliokuwa nao alipoisoma riwaya kwa mara ya kwanza.

Neno mumiani limeepukwa kwa makusudi. Masimulizi ya mumiani ya Afrika Mashariki, ambayo Luise White ameyachunguza katika Speaking with Vampires (2000), yanahusu damu inayochukuliwa kwa hila au kwa nguvu ili itumike kwingine, mara nyingi kama dawa. Humo hakuna anayemwuliza mwenye damu kama ameridhia. Kulitumia neno hilo hapa kungekuwa kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Anapochangia hutoa kama mililita 450, na kwa kawaida mwanamume hushauriwa kungoja wiki 12 kabla ya kuchangia tena. Mwanamke hushauriwa kungoja zaidi. Tuseme mnyonya damu anahitaji nusu lita kila usiku (makisio haya ni yetu, si ya Butler). Kwa utaratibu huo angehitaji wachangiaji zaidi ya 90. Iwapo watu wanane tu watagawana mzigo huo, kila mmoja atatoa zaidi ya mililita 60 kwa siku, na katika wiki 12 atakuwa ametoa zaidi ya lita 5, kiasi kinacholingana na damu yake yote. Maji ya damu hurudi upesi, lakini chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi. Wanane hao wangedhoofika, hata kama wangekuwa na moyo mkunjufu kiasi gani.

Butler anaupita ugumu huu kwa njia ya mate. Mate ya Mwina yana sumu inayoimarisha mwili wa anayeumwa, na sumu hiyohiyo humpa raha, humfanya mraibu na humtia utii. Anayenyweshwa sumu hiyo kwa muda mrefu hawezi kutengana na Mwina wake. Mwina akifa, naye huwa hatarini kufa. Kwa hiyo mchangiaji anamudu kuchangia kwa sababu tu mnywaji amekwisha kumbadilisha. Kinachoutegemeza mwili wake ndicho kinachomnyima uwezo wa kukataa, na riwaya haitoi nafasi ya kuvitenganisha viwili hivi.

Ndiyo maana wakati wa kuulizwa una uzito mkubwa. Wright anampakia Shori garini akidhani ni mtoto aliyepotea, anaumwa mkono, na baada ya hapo hataki tena kumwacha. Shori mwenyewe amepoteza kumbukumbu, hivyo hakuwa na la kumweleza. Lawama hapa hazimwendei kwa wepesi. Brook, kinyume chake, alielezwa na Iosif masharti yote kabla hajafungika kabisa, akakubali. Wright anapolisikia hilo anaumia, na kuumia kwake ni ushahidi kwamba ndani ya riwaya wapo wanaojua tofauti kati ya kuridhia na kuzoea.

Hata hivyo, mfano wa Brook nao hautoshi, na hapa Dracula (1897) ya Bram Stoker inasaidia. Humo wanaume wanne, Arthur Holmwood, Seward, Van Helsing na Quincey Morris, wanatoa damu ili kumwokoa Lucy Westenra. (Makundi ya damu yalikuwa hayajagunduliwa, hivyo hakuna anayejiuliza kama damu zao zinapatana.) Mnyonya damu anakuja usiku na kuinywa. Kwa maana finyu, Dracula anaishi kwa damu ya watu waliojitolea, lakini hakuna msomaji atakayesema walijitolea kwake. Hiari ina mlengwa. Haihami pamoja na damu.

Tukirejea kwa Brook kwa kigezo hicho, picha inabadilika. Iosif anauawa. Brook, pamoja na Celia aliyekuwa simbionti wa Stefan, ndugu yake Shori, wanalazimika kuwa wa Shori ili wasife. Kuumwa kwake mwanzoni hakuwapi raha waliyoizoea, nao wanastahimili. Shori anawatendea kwa upole, na Butler anahakikisha tunauona upole huo. Lakini makubaliano ya Brook yalikuwa na Iosif, na Iosif hayupo.