Kungwi, Mwalimu wa Mwili na Akili
Katika mwambao wa Tanga na Bagamoyo, kungwi, yaani mwanamke anayemfunda mwari, msichana aliyevunja ungo, anastahili pongezi za dhati, kwa kuwa aliunganisha elimu ya jinsia na malezi ya akili kabla saikolojia haijafundishwa vyuoni nchini. Mila za unyago, mafunzo hayo ya faragha, zimeelezwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Kungwi huimba mafumbo, ambayo mwari huyakariri kwanza na kuyafumbua baadaye, huku msondo, ngoma ndefu ambayo mpigaji huipanda kwa kutanua miguu, ukiyakita maneno moyoni. Hiyo ni hazina ya kuenziwa.