Punda wa Balaamu na Ngeli ya A-WA

Nilipoanza kujifunza Kiswahili niliandika "ng'ombe imekufa", nikakatwa alama. Kwa Kiganda tunasema "ente efudde", na kiambishi hicho cha ng'ombe sicho cha mtu. Kiswahili hakikubali hivyo: ng'ombe amekufa, kama vile babu alivyokufa. Niliikariri kanuni bila kuiwazia hadi niliposoma upya Hesabu sura ya 22 kwa Kiswahili. Balaamu anampiga punda wake mara tatu kwa sababu mnyama amemwona malaika ambaye yeye mwenyewe hamwoni, kisha punda anasema. Punda, mwonaji na malaika wote wanachukua kiambishi kimoja.

Mwenzangu mmoja alidai darasani kwamba hapo sarufi yenyewe inahubiri heshima kwa wanyama. Dai hilo linapendeza, ila silikubali. Kupe na inzi nao wamo katika A-WA, na shetani pia. Ngeli hii inapima uhai tu, tena si uhai wote, maana mti "umekufa". Zaidi ya hayo, lugha hiyohiyo inaita ukatili "unyama". Mtu akimkata mwenzake kwa panga tunasema amefanya unyama, ingawa sijasikia chui aliyeshika panga.

Kwa hiyo hoja itafutwe katika maandiko. Mwanzo 1:28 inampa mtu kazi ya kutiisha na kutawala, na 2:15 inampa ya kulima na kutunza. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, ibara ya 67, anakataa tusome utawala kana kwamba ni ruhusa ya kuharibu, naye anaegemea kule kulima na kutunza. Ibara inayofuata inakumbusha Torati: punda aliyeanguka njiani ainuliwe, na ndege anayelalia asichukuliwe pamoja na makinda yake. Usomaji huu unanishawishi, kwa sababu unatoka kwenye sheria za watu waliofuga na haukuanzia kwenye huruma ya jumla.

Ugumu ninaouona uko kwa Paulo. Katika 1 Wakorintho 9 anaichukua sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, anauliza kama ng'ombe ndio Mungu anaowaangalia, kisha anaifanya hoja ya riziki ya wahubiri. Mahubiri niliyokua nayo yalimfuata Paulo. Aya hiyo niliisikia siku za kumchangia mchungaji. Kwa ajili ya ng'ombe sijaisikia hata mara moja. Anayetaka kuhubiri utunzaji wa viumbe kwetu lazima aanzie hapo, awaeleze waumini kwamba sheria ilimhusu ng'ombe kabla haijamfikia mhubiri. Kuiruka aya hiyo na kukimbilia Zaburi ni kukwepa swali.

Likizo iliyopita, kandokando ya barabara ya Masaka, lori la ng'ombe lilisimama. Mmoja alikuwa ameanguka, wenzake wanamkanyaga. Utingo alipanda, akawasukuma wengine, akaingiza bega chini ya mbavu zake na kuhangaika naye hadi akasimama. "Hii imechoka," aliniambia aliposhuka, jasho likimtiririka. Mimi niliyejua ngeli nilikuwa nimesimama pale muda wote, mkoba mkononi, nikisubiri basi.