Barafu na Orodha ya Mali: Uhakiki wa Picha ya Vitu Tuli kwa Jicho la Kasongo

1. Utangulizi

Picha inayoonyesha matunda, vyombo au maua yaliyopangwa mezani, pasipo mtu, ina majina mawili yanayopingana katika lugha za Ulaya. Wafaransa huiita kwa maneno yenye maana ya maumbile yaliyokufa. Waholanzi na Waingereza huiita kwa maneno yenye maana ya uhai uliotulia. Mwanafunzi wa Kasongo, anayesomeshwa kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani, hurithi jina la kwanza bila kuulizwa. Istilahi inayotumika katika makala haya ni picha ya vitu tuli, kwa sababu neno tuli halihukumu kama kitu ki hai au kimekufa; linasema tu kwamba hakisogei. Hata hivyo, kipo kitu kimoja kisicholikubali hata jina hilo, nacho ni barafu. Barafu huwekwa mezani ikiwa imetulia, na papo hapo imekwisha kuanza kuondoka. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi barafu inavyoipima sanaa hii, na kwa nini kipimo hicho huonekana wazi zaidi kwa mtazamaji aliye Kasongo.

2. Picha kama orodha ya mali

William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alitoa kitabu chake The Pencil of Nature kwa sehemu kati ya 1844 na 1846. Picha yake mojawapo inaonyesha vyombo vya kauri vilivyopangwa rafuni. Katika maelezo yake Talbot anaeleza kwamba mwizi akiviiba vyombo hivyo, picha inaweza kupelekwa mbele ya hakimu iwe shahidi. Ni dhahiri, basi, kwamba tangu utoto wake picha ya vitu tuli ilikuwa na kazi mbili: kupendeza macho, na kuthibitisha kwamba mali ina mwenyewe.

Kasongo nao una picha ya aina hiyo, ingawa imechorwa kwa maneno. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyelitumikia jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis, aliuona mji huo ulipotekwa mwezi wa Aprili 1893. Katika kitabu chake The Fall of the Congo Arabs, kilichotoka 1897, anaorodhesha vilivyokutwa: mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo, ghala za mpunga, kahawa na mahindi, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Vitu hivyo vinameremeta kama meza zilizochorwa na Waholanzi wa karne ya 17. Lakini mpagazi aliyezileta bilauri kutoka pwani na mtumwa aliyeupanda mpunga hawapewi nafasi katika orodha. Tippu Tip mwenyewe, katika tawasifu yake, huihesabu pembe kwa frasila, yaani kipimo cha kilo 16 hivi, na hesabu hiyo haionyeshi mabega yaliyoibeba.

Katika orodha ya Hinde barafu haimo, wala isingaliweza kudumu humo. Barafu haiwekwi ghalani Kasongo, nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa ikweta. Haitekwi nyara, wala picha yake haimfai hakimu, kwani siku ya kesi mali yenyewe imekwisha kuwa maji. Hapo ndipo ulipo umuhimu wake kwa sanaa: inamnyima mpiga picha raha ya kumiliki.

3. Irving Penn na baridi isiyo na gharama

Mfano mashuhuri wa picha za namna hii ni wa Mmarekani Irving Penn (1917–2009), aliyepiga mjini New York, mwaka 1977, picha ya vyakula vilivyogandishwa. Mboga na matunda yamegeuka matofali, na matofali yamepangwa kama ukuta wa jengo dogo. Umande mweupe wa baridi umetanda juu ya rangi. Nguvu ya picha hii ni kwamba haidanganyi kuhusu chakula cha zama zake: haragwe bichi halina tena shamba wala msimu, lina umbo la kiwanda kilicholigandisha.

Udhaifu wake umo mumo humo. Baridi ya Penn haina gharama inayoonekana. Inachukuliwa kuwa ipo tu, kama hewa. Umande ule unadokeza kwamba kuyeyuka kumekaribia, lakini jengo halijaanguka, na mtazamaji haombwi kufikiri nani atapangusa maji. Kasongo, ambako barafu si mali ya kila nyumba, ukuta huo hausomeki kama chakula cha kawaida bali kama ufahari, sawa na bilauri za mwaka 1893.

4. Barafu bandia na barafu yenye doa

Wapigao picha za matangazo ya vinywaji wamekwisha kulitatua tatizo la kuyeyuka kwa njia yao: mara nyingi hutumia vipande vya plastiki angavu badala ya barafu, na jasho la chupa huwa ni maji yaliyochanganywa na gliserini. Hila hiyo inaeleweka katika biashara, kwa kuwa taa ni kali na kazi ni ya saa nyingi. Inapoingia katika sanaa, hata hivyo, huondoa jambo lile lile lililofanya barafu istahili kupigwa picha, yaani wakati.

Wengine hutumia barafu ya kweli lakini huitaka iwe safi kama kioo. Maji yakigandishwa kutoka pande zote, hewa iliyomo husukumwa katikati na kufanya moyo mweupe. Yakigandishwa polepole kutoka upande mmoja tu, hewa husukumwa hadi mwisho, na sehemu yenye ukungu hukatwa. Ustadi huo una thamani yake, hasa mwanga unapotokea nyuma. Lakini weupe ule ni kumbukumbu ya jinsi maji yalivyoganda. Anayeukata kwa sababu tu ni doa anafanana na mwanaisimu anayekisafisha Kingwana mpaka kisijulikane tena kilipitia Maniema.

5. Meza ya Kasongo

Picha ya vitu tuli inayofaa kutoka Kasongo haihitaji kuiga matofali ya Penn. Yatosha kuweka kibonge cha barafu kando ya bakuli la mawese. Mawese huwa majimaji wakati wa joto, na yakipoa huganda. Barafu inapoyeyuka, inayapoza mawese yaliyo karibu nayo, na mafuta yaliyokuwa yakitiririka yanaanza kushikana. Kitu kimoja kinapoteza umbo, kingine kinalipata, katika picha ile ile na kwa sababu ile ile. Ongezea kiganja cha mchele, ambao mpunga wake ulifika Maniema kwa njia ya misafara, na historia imeingia mezani bila kuhubiriwa.

Picha ya namna hiyo ingefaa ipigwe mara kadhaa, kila baada ya dakika chache, na maji yaliyomwagika mezani yasipanguswe.

6. Hitimisho

Picha ya vitu tuli ilianza kama hati ya mwenye mali, na mara nyingi imebaki hivyo. Barafu inaipa nafasi ya kuwa kitu kingine: ushahidi kwamba kilichopo mezani kililetwa na mtu, kinagharimu, na kinaondoka. Kwa mji ambao mali yake ilihesabiwa na mtekaji bila kuwahesabu waliyoizalisha, hilo si pambo la sanaa. Mhakiki anayeitazama picha mpya ya barafu hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kuusifu mwanga wake: je, barafu hii inayeyuka kweli? Na ikiyeyuka, picha inamwachia nani maji?